Mchungaji ameshasema

Mama mmoja wa mtaa wetu alifariki usiku wa Alhamisi, msimu wa mvua kubwa, na kulipopambazuka turubai lilikuwa limeshafungwa uani na masufuria ya msiba yameshainjikwa. Sisi wazee wa kanisa tulikuwa wanne. Tulikaa kwenye benchi kando ya migomba, tukimngoja mwinjilisti aliyepanda mlimani kutafuta mtandao ili aongee na mchungaji. Udongo wetu huku juu Kabanga ukilowa hushika miguu kama gundi, kwa hiyo tulimwona kutoka mbali akishuka polepole, viatu mkononi. Alipofika hakukaa.

"Baba Mchungaji ameangalia daftari la ahadi," alisema. "Ukurasa wake ni mtupu. Miaka mitatu hakuna bahasha hata moja. Anasema kanisa halitamzika."

Tulitazamana. Kisha mmoja wetu, mkubwa kuliko wote kwa umri, akasema maneno ambayo nimeyasikia maisha yangu yote ndani ya kanisa, nami mwenyewe nimeyasema mara nyingi: "Basi. Mchungaji ameshasema."

Sitataja jina la mchungaji huyo, wala la usharika, wala la marehemu. Nataka kueleza nilichokuwa nakijua asubuhi ile na sikukisema.

Katika mtaa wetu, ibada ikiisha, watu hutoka nje na kusimama duara mbele ya mlango wa kanisa. Vitu vilivyoletwa kama sadaka hupigwa mnada: kuku aliyefungwa miguu, mayai, mahindi, maharage, mkungu wa ndizi. Mnunuzi hulipa, fedha huingia katika sadaka ya siku hiyo. Kwa miaka mingi mnadi nilikuwa mimi. Mama yule alikuwa mjane, na fedha taslimu ilikuwa haikai mkononi mwake, lakini alikuwa na migomba mizuri iliyopandwa na marehemu mumewe. Jumapili kwa Jumapili alifika na kata kichwani na mkungu juu ya kata. Migomba ikikataa, alileta kopo la maharage. Nilishika mikungu yake kwa mikono yangu, nikaiinua juu ili watu wa nyuma waione, nikapaza sauti hadi bei ikapanda. Ndizi zake zilikuwa zinagombewa.

Jioni mtunza hazina aliandika mstari mmoja tu: "Mnada", na kiasi. Kuku wa fulani, mayai ya fulani, mkungu wa mama yule, vyote vilimezwa na mstari huo. Bahasha yenye namba yake ilibaki nyumbani, haikuwahi kutiwa noti. Ndiyo maana ukurasa wake katika daftari la usharika ulikuwa mweupe. Mchungaji, aliyekuwa akiishi mbali na kuhudumia mitaa mingi, alisoma ukurasa na kuamini alichokisoma. Sisi wanne tuliokuwa kwenye benchi tulikuwa tumekula ndizi zile.

Alizikwa Ijumaa saa tisa alasiri. Majirani Wakatoliki walichimba kaburi. Akina mama wa Anglikana walikuja na nyimbo zao, na mzee mmoja wa Moravian akasoma Zaburi na kuomba. Kwaya yetu ilisimama pembeni bila sare, midomo imefungwa. Kengele yetu haikugongwa. Mwanawe wa kiume, kijana mwenye familia yake, alinijia baada ya udongo kurudishwa, akanishika mkono kwa heshima kama desturi ilivyo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, si wewe uliyekuwa unanadi ndizi za mama?"

Sikumjibu.

Nimejiuliza mara nyingi kilichotufunga midomo. Kuna jambo la hesabu: Walutheri huku Kasulu na Kibondo ni wachache. Hii ni nchi ya Wakatoliki na hospitali yao ya Kabanga, ya Waanglikana ambao dayosisi yao ya Western Tanganyika ina makao hapa Kasulu, ya Wapentekoste na Wasabato. Ukiwa kundi dogo unamshikilia sana kiongozi wako, maana ndiye anayekufanya uonekane kuwa kanisa. Mchungaji wetu tulikuwa tunamwona labda mara moja kwa miezi miwili, akija na pikipiki iliyotapakaa matope, kanzu yake nyeupe imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Siku hiyo kulikuwa na ubatizo, Meza ya Bwana, ndoa na kesi, vyote kwa pamoja. Mtu anayekuja na vitu vyote hivyo kwa siku moja, halafu akaondoka kabla giza halijaingia, huonekana kama mvua. Nani ataibishia mvua?

Lakini si hilo tu. Tulikuwa tunaamini, bila mtu yeyote kutufundisha hivyo, kwamba kumwuliza mchungaji ni kumwuliza Mungu. Wazee wetu wa zamani wa Buha hawakuwa na mawazo hayo hata juu ya wakubwa wao wa kimila. Palikuwa na mwami mwenye utawala juu ya watu, na palikuwa na mteko aliyesimamia ardhi na matambiko yake. Kila mmoja alikuwa na lake. Sisi wajukuu wao, tulipoingia kanisani, tulimkabidhi mtu mmoja madhabahu, daftari, sanduku, makaburi na midomo yetu, kisha tukaita hali hiyo utii.

Mimi si katika watu wanaodharau mamlaka ya mchungaji. Mchungaji wa Kilutheri hakujiokota njiani. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo kanisa letu linalikiri, linasema katika kifungu cha 14 kwamba mtu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti asipokuwa ameitwa ipasavyo. Anaposema "umesamehewa dhambi zako", ninapaswa kulipokea neno hilo kana kwamba Kristo mwenyewe amelisema, na mimi hulipokea hivyo. Kuna usiku mmoja katika maisha yangu ambao nisingeuvuka bila neno hilo.

Ila ungamo hilohilo, katika kifungu cha 28, linataja mamlaka hayo ni yapi: kuhubiri Injili, kusamehe na kufungia dhambi, na kutoa sakramenti. Yanatendwa kwa neno, bila upanga. Kisha linasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia likihubiriwa katika mtaa wetu: wenye mamlaka hayo wakifundisha au kuamuru kinyume cha Injili, sharika zina amri ya Mungu ya kutowatii. Hiyo ni amri, na anayekaa kimya anaivunja.

Miaka 7 kabla ya ungamo hilo, mwaka 1523, watu wa mji mdogo wa Leisnig huko Saksonia walimwomba Martin Luther ushauri. Aliwaandikia kwamba kusanyiko la Kikristo lina haki ya kupima mafundisho yote, na ya kuita na kuondoa walimu wake. Mwaka huohuo watu wa Leisnig walitengeneza sanduku la pamoja la mali ya kanisa, la kuwalisha maskini na kumtunza mchungaji. Walichagua wasimamizi 10, na kati yao 3 walikuwa wakulima wa vijijini. Sanduku lenyewe walilitia kufuli 4, kila kufuli na ufunguo wake: mmoja kwa wakuu wa nchi, mmoja kwa baraza la mji, mmoja kwa raia wa mjini, na mmoja kwa wakulima. Sanduku halikufunguka mpaka wote wawepo. Nikisoma habari hiyo namfikiria yule mkulima wa Leisnig akitembea kuelekea mjini na ufunguo mfukoni, miguu yake ina matope kama yetu. Asipofika, mambo hayaendi. Mama yetu wa ndizi angekuwa na mtu wa kumsemea katika sanduku lile.

Lakini Walutheri walisahau upesi, na wengine walilipa gharama kubwa kuliko yetu. Huko Dresden, Ujerumani, kulikuwa na mchungaji aitwaye Martin Stephan. Wakati makanisa mengi ya huko yalikuwa yamepoa na kuhubiri maadili matupu, yeye alihubiri msamaha, na watu waliolemewa na dhamiri walimfuata kutoka mbali. Alikuwa amewasaidia kwelikweli, nami nalisema hili kwa makusudi. Mwezi Novemba 1838 wafuasi wake zaidi ya 600, pamoja na wachungaji vijana waliomwona kama baba, walipanda meli 5 kwenda Marekani kulinda imani yao. Meli moja, Amalia, ilipotea baharini na haikuonekana tena. Fedha za waliosafiri zilikuwa zimewekwa katika mfuko mmoja.

Mwezi Januari 1839, wangali ndani ya meli, walimtangaza kuwa askofu wao. Mwezi uliofuata, wakisafiri kwa boti kuupanda mto Mississippi, waliweka saini kwenye tamko la kumtii katika mambo ya kanisa na hata ya maisha yao ya pamoja. Watu wazima, wenye elimu, walimwaga wino juu ya jambo ambalo sisi wanne tulilifanya kwa kunyamaza tu kwenye benchi. Haikuchukua miezi 4. Mwezi Mei wanawake walianza kuungama kwa wachungaji wengine kuhusu alivyowatenda, na hesabu za mfuko nazo zikatiliwa shaka. Tarehe 30 Mei walimvua cheo, wakamvusha kwa mtumbwi hadi ng'ambo ya mto, upande wa Illinois, wakamwacha huko.

Kilichonigusa zaidi ni yaliyofuata. Walibaki porini katika jimbo la Missouri, maskini na wagonjwa, wakiulizana: je, sisi bado ni kanisa? Je, ubatizo wa watoto wetu ni ubatizo? Maana walikuwa wamemfungia mtu mmoja kila kitu, na mtu huyo alipoanguka, walihisi mbingu imeanguka naye. Ilipita karibu miaka 2. Aprili 1841, katika kijiji cha Altenburg, mchungaji C. F. W. Walther, mwenye umri wa miaka 29, alisimama kwenye mdahalo mbele ya watu akawathibitishia kwamba Kristo hakuvushwa mto pamoja na Stephan. Neno na sakramenti vilikuwa bado kwao, kwa hiyo kanisa lilikuwa bado lipo. Hawakuifuta huduma ya uchungaji. Waliendelea kuwa na wachungaji na kuwaheshimu, lakini mambo ya usharika yakaamuliwa na usharika.

Mtu ataniambia, huyo Stephan alikuwa mwovu, na wachungaji wetu si waovu. Ni kweli, na hapo ndipo ninapomkumbuka mzee wa Samunge.

Mwaka 2011 Tanzania nzima ilielekea kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu na kila mtu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akisema Mungu amemwonyesha katika ndoto kwamba kinaponya ukimwi, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Mawaziri walikunywa. Askofu wa dayosisi yake, Thomas Laizer, alimuunga mkono hadharani. Toka huku kwetu safari ilikuwa ya siku kadhaa: barabara ya vumbi hadi Kibondo na Nyakanazi, kivuko cha Busisi, Mwanza, na kuendelea. Watu waliuza ng'ombe. Wengine walitoroshwa hospitali na ndugu zao wakafia njiani, na wengine, waliporudi, waliacha dawa zao za kupunguza makali ya ukimwi.

Sina sababu ya kumwita mzee yule tapeli. Shilingi 500 haimtajirishi mtu kwa njia ya utapeli, na aliishi kwa unyenyekevu mpaka alipofariki Julai 2021. Naamini aliamini alichokisema. Ndiyo maana kisa chake kinanitisha kuliko cha Stephan. Mwovu atajulikana siku moja. Mtu mwema anayekosea, akiwa na cheo cha mchungaji, nani atampima? Nakumbuka mabishano ya mwaka ule sokoni, kazini, kwenye misiba. Ukieleza kwamba kisukari hakiondoki kwa kikombe, ulijibiwa kwamba yule ni mtumishi wa Mungu, na mjadala ukaishia hapo. Neno "mchungaji" lilifanya kazi ambayo maabara ndiyo iliyopaswa kuifanya. Halikuwa neno lake peke yake. Lilikuwa la kanisa zima, na kanisa lilimwachia alitumie bila kulipima, mpaka wengine wakazuka na vikombe vyao Mbeya na Tabora.

Wazee wenzangu wakinisikia nikisema hivi hunitajia Meru. Wananikumbusha mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wameru walipodai dayosisi yao nje ya Dayosisi ya Kaskazini, mali zikaharibiwa na damu ikamwagika kati ya watu waliobatizwa kwa jina moja. Au wananitajia Dayosisi ya Konde, mvutano wa makao makuu kubaki Tukuyu au kuhamia Mbeya, hadi askofu akaondolewa mwaka 2022. "Unataka tufike huko?" Hofu yao naielewa na ninaiheshimu. KKKT ilizaliwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa 7, na umoja huo ni mali ya thamani kwetu sisi tulio pembezoni. Lakini swali la ndizi lisingeigawa dayosisi. Lilikuwa swali la dakika mbili za simu, kwa sauti ya adabu: Baba Mchungaji, ukurasa ni mtupu kwa sababu sisi hatukuandika. Naona magomvi makubwa huota mahali ambapo maswali madogo yamekataliwa kwa muda mrefu.

Mchungaji wetu alipata uhamisho miaka miwili baada ya mazishi. Alikuja kutuaga. Baada ya ibada alisimama nasi kwenye duara la mnada, akacheka watu walipoupandisha bei mkungu mmoja, akasema kwa furaha kwamba ndizi za mtaa huu hazijapata kumvutia hivi. Mwinjilisti, si mimi, ndiye aliyesema, "Zamani zilikuwa nzuri zaidi, zile za marehemu," akamtaja. Mchungaji akauliza, marehemu yupi. Tukamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, watu wakiwa wanaendelea kunadi kuku nyuma yetu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, hakuivaa tena.

"Mbona hamkuniambia?"

Mzee wetu mkubwa akamjibu kwa upole kabisa, bila kukusudia kumchoma: "Baba Mchungaji, ulikuwa umeshasema."

Aliomba apelekwe kaburini. Tulikwenda watano, tukipita katikati ya migomba ileile. Aliomba kwa muda mrefu, na aliomba msamaha kwa jina lake na kwa jina letu, ingawa nilitamani kila mmoja aombe wa kwake. Mtoto wa kiume wa marehemu alikuwa ndani ya nyumba, tulimsikia akisogeza kiti. Hakutoka.

Siku hizi tuna daftari la mnada. Lina safu ya kitu, safu ya bei, na safu ya aliyekileta. Kabla ya kunadi nauliza kwa sauti, "La nani hili?", na mtunza hazina haandiki bei mpaka jina liandikwe kwanza. Ibada inachelewa kuisha kwa sababu hiyo na vijana wanalalamika.

Yule kijana anasali Anglikana sasa, yeye na mkewe na watoto. Tunakutana soko la Kasulu, anauza maharage, mimi nanunua. Hunipokea mzigo. Huniuliza habari za nyumbani, za shamba, za wajukuu, mmoja baada ya mwingine kwa majina yao. Habari za kanisa haniulizi.